Mkanda Uliotoweka Juu ya Fenda

Wizi uligunduliwa Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, jua likiwaka na geti likiwa limefungwa komeo. Kilichoibwa ni mkanda wa taiming, ule unaozungusha gia za injini ya pikapu, mpya, uliotolewa kwenye boksi lake asubuhi ileile. Aliyeibiwa ni msoma mita za maji, mtu mzima na akili zake, aliyesimama katikati ya ua na mikono yake miwili kichwani.

"Mke wangu!" alipiga kelele. "Mkanda umeota mbawa!"

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa ndani akifunga vitambaa. Alitoka na pini mdomoni, akaitoa polepole, maana hasira na pini havikai mdomo mmoja.

Siku hiyo alikuwa ameingoja tangu aolewe. Cherehani zake tatu zilikuwa zihame barazani, ziende kwenye chumba kando ya soko. Mwenye chumba alishasema: saa kumi jioni asipoziona, ufunguo anampa kinyozi. Gari pekee lililokuwepo ni hilo hilo pikapu, nalo mumewe alikuwa amelifumua mwenyewe ili abadilishe mkanda, rejeta imelazwa chini na mkanda wa zamani umekatwa vipande vitatu kwa kisu.

"Kwa nini uliukata?" mke aliuliza.

"Ili nisikate tamaa nikaurudisha."

Mke alivuta pumzi. Duka la vipuri lenye mkanda wa aina ile lilikuwa limefungwa mpaka Jumatatu. Basi ilibaki kumtafuta mwizi.

"Mara ya mwisho uliuona wapi?"

"Juu ya fenda, hapa juu ya gurudumu. Nilikuwa nimeupaka alama nyekundu zilingane na za kwenye gia. Ukikosea jino moja tu, valvu zinagongana na pistoni, na injini ndiyo kwaheri. Nikauacha ukauke, nikaenda kunawa."

"Ulipaka na nini?"

Mume aliangalia viatu vyake. "Rangi yako ya kucha."

"Ile mpya?"

"Ndiyo iliyokuwa inaonekana vizuri."

Mke aliamua kugombana naye baadaye. Kwa sasa rangi ile ilikuwa shahidi wake. Aliyeushika mkanda ukiwa mbichi lazima ana wekundu vidoleni, na rangi ile haisikii sabuni.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Fundi Spana, jirani mwenye gereji, ambaye tangu juzi alikuwa akichungulia juu ya ukuta na kucheka.

"Nyoosha mikono, shemeji."

"Unanishuku mimi?" Fundi Spana alinyoosha mikono miwili, myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko, bila doa jekundu. "Mimi naomba Mungu mumeo aufunge huo mkanda! Akiufunga vibaya, injini inakuja kwangu. Nikiuiba nitakula wapi?"

Hoja hiyo haikuwa na pa kuingizia sindano.

"Kikulacho ki nguoni mwako, shemeji," aliongeza, akarudi kwake.

Mke akamgeukia mume. Vidole vyake vitatu vilikuwa vyekundu.

"Sema kweli. Umekwama, ukaona aibu, ukauficha?"

"Haki ya Mungu sijaficha!"

Alipekuliwa mifuko. Zilipatikana bolti nne.

"Hizi za wapi?"

"Hilo," mume alisema kwa unyonge, "nalo nilikuwa nalichunguza."

Akabaki mama mkwe, barazani kwenye kiti chake, ameegemea mto. Mke alimwendea kama shahidi tu. Hakumshuku hata chembe, kwani bibi yule alikuwa akizilaani cherehani zile asubuhi na jioni, kwamba zinampasua kichwa. Kama kuna mtu angesukuma pikapu kwa mikono ili ziondoke, ni yeye.

"Mama, umemwona mtu akipita uani?"

"Nitamwonaje na macho haya? Si wewe mwenyewe asubuhi umenitungia uzi mweusi nishone pindo la gauni?"

"Pindo limekwisha?"

"Limekwisha zamani."

Mke alilitazama gauni. Pindo lilikuwa linaning'inia vilevile. Akautazama mto. Aliushona yeye mwenyewe kwa mashine, kwa uzi mweupe, na sasa ubavuni ulikuwa na mshono mweusi wa mkono. Kisha akaona kwamba mama mkwe, kwenye joto lile, ameificha mikono ndani ya mtandio.

"Mama, naomba nione mikono yako."

Ilitoka mmoja mmoja. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kinang'aa wekundu.

"Nimejikata," alisema mama mkwe.

"Damu haing'ai hivyo."

"Basi nimepaka rangi. Mzee hapendezi?"

"Kidole kimoja, Mama?"

Mke alichukua wembe, akafumua mshono. Mkanda ukatoka pamoja na pamba, mzima, alama zake zikiwa zimevurugika kidogo. Mume akaudaka. "Mama! Wewe?"

"Mimi!" bibi alisema kwa ukali, machozi yakimlenga. "Wewe ukitoka unakwenda kusoma mita za watu. Huyu naye akienda huko sokoni na mashine zake na wateja wake, mimi nitagombana na nani? Na saa ya ukutani?"

Mke alikuwa amejiandaa kufoka. Badala yake akajisikia vibaya, kwa sababu katika mipango yake yote alikuwa amepanga kila cherehani pa kukaa, na huyu hakuwa amempanga popote. Aliugusa mshono mweusi. Ulikuwa mdogo, umenyooka kuliko wa mafundi wengi.

"Mama, nahitaji mtu wa kushona vifungo. Utakaa kiti cha mbele."

"Sijasema nataka," alisema mama mkwe, akaenda kutafuta viatu.

Mume alipaka alama upya. Fundi Spana, akijuta kukosa kazi, aliruka ukuta kuzionyesha zile bolti nne makwao. Injini ilizungushwa kwa mkono raundi mbili, haikugonga popote, na saa kumi kasoro robo pikapu ilisimama mbele ya chumba.

Cherehani ya kwanza haijagusa sakafu, mwanamke mmoja akasimama na kitambaa mkononi. "Fundi ni nani hapa?"

"Huyo, mwanangu," alisema mama mkwe, akijikalia mlangoni. "Ila bei uliza kwangu."