Sipandi Upande

"Leta miguu yote huku upande mmoja, mwanangu. Kaa vizuri."

Aliyesema hivyo ni mama mkwe mtarajiwa, amesimama katikati ya uwanja wa mazoezi na mwavuli wake, sauti tamu kama anambembeleza mgonjwa anywe dawa. Aliyeambiwa ni Dereva. Ndivyo wote walivyomwita, hata mchumba wake, kwa sababu aliendesha lori la mizigo, lile la matairi mengi ambalo wanaume wengine wakiambiwa walirudishe nyuma kwenye uchochoro wa ghala wanaanza kulalamika mgongo. Siku hiyo alikuwa juu ya farasi kwa mara ya kwanza maishani, na tayari alishachoka kuambiwa akae vizuri.

"Nimekaa vizuri, mama. Mguu mmoja huku, mwingine kule. Hivi siwezi kuanguka."

"Bibi harusi hapandi hivyo. Bibi harusi anakaa upande, gauni linashuka, picha inapendeza."

Hapo kwenye picha ndipo penye shughuli. Mama alikuwa na biashara ya farasi: siku za kawaida anafundisha watu kupanda, mwisho wa wiki anawakodisha farasi kwa maharusi. Harusi ya mwanawe wa pekee aliipangia kazi mbili, kumwoza kijana na kutangaza biashara. Picha kubwa ingetundikwa getini, bibi harusi juu ya farasi mweupe, miguu upande mmoja kama amekaa kwenye kochi. Fremu ilishanunuliwa.

Dereva alimgeukia mwalimu wa farasi na kumuuliza mtu anayeanza anachagua nini. Mwalimu, mtu asiyependa maneno mengi, alimweleza. Lipo tandiko dogo la wanaoruka viunzi, hatamu unazishika kwa mikono miwili na farasi unamsikia kila anapopumua, lakini kukaa juu yake kunataka subira. Lipo tandiko kubwa la safari, pana, lina kishikio mbele, hatamu mkono mmoja, unakaa kutwa bila kulia. Na lipo hilo la upande. Alipofika hapo mwalimu alitazama viatu vyake asikutane na macho ya tajiri yake, akasema mgeni wa tandiko la upande kwa kawaida huvutwa.

"Huvutwa vipi?"

"Kwa kamba. Mtu anatangulia mbele na farasi, wewe umekaa."

Dereva alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka.

"Mimi naendesha lori na trela lake, halafu siku ya harusi yangu nivutwe kwa kamba? Niwekee lile kubwa."

Haukuwa ukaidi mtupu. Mchumba wake alikuwa daktari wa mifugo, na walijuana barabarani, lori la Dereva likiwa limebeba ng'ombe na Daktari akiwa ameitwa kuwakagua. Alimaliza kuwakagua mapema, lakini hakuondoka. Alimwambia huko nyuma ya vilima kuna njia ambazo lori haliwezi kupita ila farasi anapita, na kwamba siku moja watakwenda wawili, sambamba. "Uje bila mzigo," alimwambia. Dereva ameona nchi nyingi kupitia kioo cha lori, na kila aliyemwita alimwita alete kitu. Neno lile lilimmaliza. Sasa mtu aliyefundishwa kuvutwa kwa kamba atafika vilimani na nani?

Basi akashuka, tandiko kubwa likafungwa, akapanda tena, farasi akaanza kutembea. Mambo yalikwenda vizuri mpaka farasi alipoongeza mwendo kidogo. Dereva akafanya kile ambacho miguu yake imekifanya miaka yote: akakanyaga breki. Alikanyaga kwa miguu yote miwili, visigino vikambana farasi mbavuni, na farasi anajua visigino vina maana moja tu, twende. Kadiri Dereva alivyokanyaga breki ndivyo farasi alivyochanganya mwendo. Mwavuli wa mama ulikwenda zake na upepo.

"Legeza miguu," mwalimu alimwita. "Hiyo ni mafuta, siyo breki. Kaa chini, kaa mzito."

Dereva akalegeza miguu, akaacha kiuno kizame ndani ya tandiko, akavuta hatamu taratibu. Farasi akapunguza, akaenda kusimama kwenye hodhi la maji kama hakuna lililotokea. Dereva alikuwa anacheka mpaka machozi. Mama hakucheka. Alimfuata pale hodhini akiwa na simu mkononi.

"Mimi sikuelewi, mwanangu. Leo unakataa, na mwenzako aliniambia mmeshaelewana. Soma mwenyewe."

Dereva akasoma. *Mama usijali kuhusu farasi. Nimeongea naye, amekubali kukaa upande. Anasema chochote utakachotaka wewe.*

Alisoma tena. Jambo hilo hawakuwahi kuliongea hata siku moja, na hiyo "chochote utakachotaka wewe" haikuwa lugha yake, hata akiwa na homa. Kicheko chote kilimkauka. Aliumia, na aliona aibu kuumia mbele ya mama mkwe, kwa hiyo alishuka, akamrudishia simu yake kwa mikono miwili, akaenda kupiga ya kwake nyuma ya banda la farasi.

"Nimekubali lini?" alimuuliza Daktari, hata salamu hakutoa.

"Mpenzi, niko kazini, nimeshika mbuzi hapa."

"Mwachie mbuzi. Nimekubali lini kukaa upande?"

Daktari alikohoa. Akaeleza kwamba mama yake alikuwa anapiga simu kila siku kuhusu picha hiyo, kwamba alitaka tu kupunguza maneno.

"Umepunguza ya kwangu. Ya mama yako umeyaacha yote."

"Ni siku moja tu."

"Siku moja? Leo nimekubali kukaa upande kwa mdomo wako. Kesho nitakubali nini? Kuacha lori?"

Daktari akaanza kumbembeleza mbuzi.

"Ameshasema, siyo?" Dereva aliuliza polepole. "Mama ameshasema niache lori."

"Aligusia."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia tutaona."

Hilo ndilo lililomkata maini. Lori lile lilikuwa jina lake na usingizi wake mzuri, na mtu anayempenda alikuwa ameliweka kwenye tutaona, kama deni la mtu mwingine.

"Sikiliza," alisema. "Harusi naja, kwa sababu nakupenda na sitaki kujifanya sikupendi. Lakini nitakuja nimepanda kama ninavyotaka kupanda. Na siku nitakayosikia tena kuna mtu kanisemea, hutaniona. Nitakuwa mbali kabla hujamaliza kueleza."

Akakata.

Kuanzia hapo alikuja uwanjani kila alipotoka safari. Mapaja yalimuuma hata akawa anapanda lori kwa kuguna, wenzake pale ghalani wakimuuliza kama ameanza kuzeeka kabla ya kuolewa. Mwalimu naye alimwambia kaa vizuri, kila baada ya mzunguko, ila kwake maneno hayo yalikuwa na maana nyingine: fungua mapaja, nyoosha mgongo, usiombe radhi kwa farasi kwa sababu uko juu yake. Dereva aliyapenda hivyo. Mshona nguo aliulizwa kama anaweza kulipasua gauni mbele na nyuma na kuweka suruali nyeupe ndani. Alimtazama kidogo, kisha akachukua kipimo cha miguu.

Daktari alituma ujumbe mrefu, wa kwanza, wa pili, na mwingine ukafuata. Alijibiwa neno moja: *Sawa.* Mwanamume mwenye akili akipewa sawa ya namna ile hali akashiba. Daktari alikonda uso.

Siku ya harusi wageni walikaa kwenye viti kando ya uwanja. Mama alikuwa ameagiza tandiko la upande lifungwe na kamba iwe tayari. Dereva alilifungua mwenyewe, akaliweka juu ya uzio, akabeba lile kubwa. Mwalimu alijisemea ana kazi ya haraka upande wa pili wa banda, akaenda kuifanya.

Akaingia peke yake, hatamu mkono mmoja, gauni limeanguka kulia na kushoto. Shangazi wa mtu akasema huyu ndiye, mwingine akasema makubwa haya. Farasi alitembea mpaka mbele ya meza ya mfungishaji ndoa, Daktari akiwa kando yake, akasimama alipotakiwa kusimama.

Mama alikuwa ameshainuka.

"Subirini kwanza," alimwambia mfungishaji ndoa kwa upole wake ule. "Bibi harusi atashuka, abadilishiwe tandiko, kisha tuendelee. Mpiga picha hayuko tayari."

Mfungishaji hakujua amsikilize nani. Akamwangalia bwana harusi.

"Bwana, mkeo anashuka?"

Uwanja mzima ukamgeukia Daktari. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye kola. Mdomo ule siku zote ulipata neno laini la huku na neno laini la kule, na Dereva, juu ya farasi, aliona unafunguka kutafuta jingine. Akakaza hatamu. Alikuwa tayari kugeuza.

"Usiniulize mimi," Daktari alisema. "Mwenyewe huyo hapo. Muulize."

"Mwanangu," mama alianza.

"Mama, nilikudanganya. Hakuwahi kukubali kukaa upande, na mimi sikuwahi kumuuliza. Niliogopa kukuudhi nikakuandikia uongo. Na lile la lori usingoje tutaona. Lori ni lake, ataliacha akitaka yeye." Akainua macho kwa Dereva. "Nisamehe. Wote wawili mnisamehe."

Mama alibaki amesimama. Usoni kwake kulipita hasira, kisha kitu kama mtu aliyegundua amekuwa akigombana na asiyehusika. Alirudi kwenye kiti chake polepole, akamwambia mpiga picha, sasa kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba apige tu, ila aanzie kiunoni kwenda juu.

Mfungishaji ndoa akainua kichwa kumtazama Dereva, mkono wake ukikinga jua.

"Bibi harusi, unashuka?"

"Sishuki. Tufungishe hivi hivi."

"Na bwana huyu, umekubali akuoe?"

Dereva alimtazama Daktari aliyesimama chini na kola yake iliyolowa, mtu mwoga aliyejitahidi mbele ya watu wote. Akainama juu ya shingo ya farasi mpaka uso wake ukawa karibu na wa Daktari.

"Nimekubali," alisema. "Safari hii umenisikia mwenyewe."