Tunutu Katika Karanga za Ma Celina

Enzi za Waingereza, Damian Rugaibula wa Kishanda alipenda kahawa yake, mke wake Celina, na senene, wale panzi wa kuliwa. Kwa kawaida mke alikuwa wa kwanza. Msimu wa senene ulipofika, mke na kahawa walisubiri.

Celina alijua hivyo, wala hakukasirika. Kwa Wahaya, mke ndiye hukamata senene na kumletea mume wake. Mume akishiba, humpa mke nguo mpya.

"Kama ningeolewa na mwanamume asiyependa senene," Celina aliwaambia majirani, "ningevaa nini?"

Lakini mwaka huo nyumba yao ilikuwa na wasiwasi. Mvua ya mawe ilikuwa imeangusha migomba mingi kibanjani, shamba la kuzunguka nyumba. Ndizi zilikuwa chache. Chakula cha kutegemea kilikuwa juu ya kilima, kwenye rweya, yaani mbuga ya nyasi. Huko Celina alikuwa amelima karanga. Karanga hizo ndizo zingewalisha wao na watoto mpaka migomba izae tena.

Asubuhi moja Celina alirudi kutoka rweya, jembe begani. Damian alikuwa akikata matawi makavu ya mibuni.

"Ta Damian," Celina alisema, "kuna wadudu kwenye nyasi karibu na karanga. Wadogo, weusi, wana madoa ya manjano. Ni wengi mpaka nyasi zinatikisika."

Damian aliweka kisu chini.

"Wana mabawa?"

"Hawana. Wanadunda tu."

"Basi ni watoto wa senene. Waache wakue. Wakiota mabawa tutakula mpaka tuchoke. Usimwambie mtu. Zaidi ya wote, usimwambie Datius. Yule atakuja na gunia."

"Senene nimewakamata tangu nikiwa msichana," Celina alisema. "Huja na mvua, kutoka angani. Sijawahi kuona watoto wao wakitembea kwa kundi, kama watu wanaotoka kanisani."

"Wakati huo ulikuwa hujaolewa na mtu mwenye bahati."

Celina alimtazama yule mtu mwenye bahati. Suruali yake ilikuwa na viraka magotini. Kisha akaenda kumenya ndizi.

Baada ya muda si mrefu, Bwana Shamba alifika kijijini kwa baiskeli. Jina lake Shaban. Alikuwa mtu wa Nyanga, Bukoba, Mwislamu mwenye kofia nyeupe na maneno mengi. Watu walikusanyika nyumbani kwa Mkungu, mkuu wa kijiji.

"Jamani," Shaban alisema, "wakati wa mvua kundi la nzige lililala kwenye rweya yenu. Mliliona?"

"Tuliliona," alijibu Datius, jirani yake Damian. "Tulipiga masufuria, likaondoka."

"Liliondoka, lakini liliacha mayai ardhini. Mayai hayo sasa yameanguliwa. Nani ameona wadudu wadogo wasioruka?"

Watu walitazamana. Damian alikohoa.

"Hapa hakuna kitu, waitu, ndugu yetu. Labda ukaulize kule Muleba."

Celina alikuwa amesimama pamoja na wanawake. Alisikia, lakini hakutaka kumwaibisha mume wake mbele za watu. Aliondoka polepole, akapanda kilima.

Alipofika shambani, alisimama. Upande wote wa juu wa shamba ulikuwa umeliwa. Majani hayakuwapo tena. Vilibaki vijiti tu, na juu ya vijiti wale wadudu walikuwa bado wanatafuna. Celina alikaa chini kidogo, khanga yake mdomoni. Kisha aliinuka, akakamata wachache, akawatia katika kikapu chenye kifuniko. Akamkuta Damian njiani.

"Ta Damian, wale watoto wako wamekula upande wa juu. Kesho watakula upande wa chini, na sisi tutakula nini? Mimi nakwenda kwa Bwana Shamba kabla hajapanda baiskeli yake. Unakuja, au unabaki kuwalinda wasisumbuliwe?"

Damian alichukua kikapu mkononi mwa mkewe. Akamfuata.

Shaban alifunua kikapu. "Ma Celina, umeniletea kitoweo?"

"Mume wangu anasema ni watoto wa senene."

Shaban alimtoa mdudu mmoja, akamwonyesha Damian. "Wewe ndiye bingwa wa kula senene. Niambie, zile nywele mbili za kichwani kwa senene zikoje?"

"Ndefu. Nyembamba. Ndefu kuliko mwili."

"Na za huyu?"

Damian alisogea karibu. "Fupi," alisema taratibu. "Tena nene."

"Huyu ni tunutu, mtoto wa nzige. Akiota mabawa hatakungoja umkaange. Atakula rweya yote, kisha atashuka kwenye vibanja. Lakini bado hana mabawa. Mna bahati kweli. Mjini nina pumba iliyochanganywa na sumu. Nitatuma habari, lori litaileta kesho asubuhi."

Datius alikuwa bado yupo, pamoja na majirani kadhaa. "Sumu hiyo ameitoa nani?" aliuliza. "Sijaona Mzungu anayetoa kitu bure. Labda wanataka rweya yetu."

"Si bure. Imechangwa," Shaban alisema. "Serikali ya hapa imetoa, na Uganda, na Waingereza kwao, na Wabelgiji wa Kongo, na wengine wa mbali. Wametia fedha katika mfuko mmoja. Mfuko huo unanunua pumba, sumu na malori. Unawalipa watu wanaotafuta mahali nzige wanapotaga."

"Kumbe wanatupenda kiasi hicho?"

"Hata hawakujui, Datius. Wangekujua, labda wangepunguza mchango."

Watu walicheka, na Datius mwenyewe akacheka.

"Sasa nijibu wewe," Shaban alisema. "Moto ukiwaka kwenye rweya ya kijiji kingine, na upepo unakuja huku, unangoja ufike kwenye nyasi za paa lako?"

"Hapana. Tunakwenda kuuzima huko huko."

"Kwa nini? Rweya si yenu."

"Lakini nyumba ni yangu."

"Basi umekwisha kunijibu. Nzige wa Kishanda leo, wakiruka, watakuwa Uganda au Urundi. Na wa kule watakuja hapa. Nzige hasimami mpakani aonyeshe cheti. Nchi moja ikipigana peke yake, inafagia huku upepo unarudisha takataka. Ndiyo maana wanachanga."

"Na sisi tunachanga nini?" aliuliza Celina.

"Kodi yenu imo. Lakini tunahitaji macho yenu kuliko kodi. Mimi niliye Nyanga siwezi kuona kilichomo kwenye nyasi zenu. Mkinyamaza, malori yale yote yanakaa bure."

Damian alitazama vidole vya miguu yake. "Mimi niliona," alisema. "Nilinyamaza kwa ajili ya tumbo."

"Basi kesho uje na jembe," Shaban alisema, "tumbo liache nyumbani."

Asubuhi kijiji kizima kilipanda kilima. Kuku walifungiwa, mbuzi na ng'ombe wakaachwa mbali. Shaban alifunga kitambaa puani, akaanza kutawanya pumba mbele ya kundi la tunutu.

"Tawanyeni hivi, kama mnavyowatupia kuku mtama," aliwaambia waliomsaidia. "Msiweke marundo. Ng'ombe akikuta rundo atalila, na atakufa. Watoto wasiguse kabisa. Mkimaliza, mnawe kwa sabuni. Magunia nitayachoma mwenyewe, mtu asiyachukue kuwekea maharage."

"Na tunutu waliokufa?" aliuliza Damian.

"Hawaliwi. Ukila, umekula sumu."

"Hata wa kuonja?"

"Hata wa kuonja, Ta Damian."

Karibu na karanga hawakutaka kuweka sumu. Huko wanaume walichimba handaki lenye kuta zilizosimama wima. Wanawake waliwaswaga tunutu kwa matawi, wakaanguka ndani, wakafukiwa. Jua lilipokuwa kali, kundi moja liligeuka ghafla. Likaelekea upande wa chini wa shamba, ambako handaki lilikuwa halijafika.

"Chimba!" Celina alimwambia mume wake. "Mimi nitawazuia."

Alisimama mbele ya karanga zake, tawi katika kila mkono, akipiga kulia na kushoto. Tunutu walimpanda mpaka kwenye khanga. Damian alichimba bila kuinua kichwa. Datius akaja na jembe lake, akashika upande wa pili. Handaki likaungana. Tunutu wakaanza kumwagika ndani kama mahindi yanayomiminwa.

Kazi iliendelea siku kadhaa, mpaka rweya ikatulia. Upande wa juu wa karanga ulikuwa umekwenda. Upande wa chini ulibaki. Celina alipovuna, karanga hazikujaza ghala. Lakini watoto walikula kila siku mpaka migomba ilipotoa mikungu mipya.

Baadaye Shaban alirudi Kishanda, safari hii kwa lori. Tunutu walikuwa wameonekana kwenye rweya karibu na Kemondo, na watu wa huko walikuwa hawajawahi kuchimba handaki la namna hiyo. Alihitaji wa kuwafundisha. Damian alikuwa wa kwanza kupanda. Celina alipanda nyuma yake na kikapu cha karanga za kuchemsha.

Huko Kemondo mama mmoja, Felicitas, aliwatazama wageni wakishuka na majembe.

"Ninyi ni watu wa Kishanda," alisema. "Mashamba yetu yanawahusu nini?"

Celina alimjazia karanga viganjani. "Kula kwanza, dada. Nusu ya shamba la karanga hizi ililiwa na tunutu, kwa sababu tulichelewa kusema. Ninyi mmesema mapema. Tumekuja ili mvune shamba zima."

Felicitas alikula, akaangalia bondeni. Mwanamume mmoja alikuwa tayari ndani ya handaki mpaka magotini, akitupa udongo kwa nguvu.

"Na yule mchapakazi ni nani?"

"Ni mume wangu," Celina alisema. "Usimsifu akasikia. Ataacha jembe aanze kuhutubia."

Kisha alifunga khanga kiunoni, akashuka handakini kuchimba kando yake.