Aliyeimba Nyuma ya Pazia

Kikombe cha maji nyuma ya pazia kilikutwa kitupu, na jioni hiyo hakukuwa na mtu wa kuyanywa. Chiriku ndiye aliyekiona. Alikiinua, akakigeuza, likadondoka tone moja, akakirudisha haraka chini ya kigoda. Kule jukwaani wenzake walikuwa bado wanampigia makofi.

Makofi yenyewe yalikuwa kilemba cha ukoka, na mwenyewe alijua. Jina la Chiriku alipewa utotoni kwa kuchonga maneno kutwa nzima, si kwa kuimba. Kucheza, anacheza hadi mbao za jukwaa zinaomba radhi. Kuigiza, anaweza kukuliza huku umeshiba. Lakini mwambie apandishe sauti, utasikia mlango usiotiwa mafuta. Aliyekuwa akiimba ni Kimya, mtoto wa mama yake mdogo, binti mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni na haya za kumrudisha humo humo.

Siku ya usaili wa igizo la nyimbo, Kimya alikuwa mvuta kamba ya pazia tu. Alipoona dada yake anakaribia kuumbuka, akaimba kule kule gizani. Mwalimu, ambaye hupiga kinanda akilipa jukwaa mgongo, aliruka kitini. "Huyo! Binti mfalme wetu ndiye huyo!"

Ikawa siri ya watu wawili. Chiriku anafungua mdomo mbele, Kimya anaimba nyuma, juu ya kigoda, na kikombe cha maji ya kulainisha koo. Chiriku aliahidi kwamba atasema ukweli. Wiki hii, basi wiki ijayo. Wakati huo mama yake alikuwa keshatangazia mtaa mzima kwamba mwanawe ni mwimbaji, na kila aliyempongeza alimwongezea Chiriku jiwe moyoni.

Ndipo ikaja jioni ile. Kimya alikuwa nyumbani na homa, na Chiriku aliletewa habari hiyo akiwa tayari jukwaani, kinanda kimeshaanza, wenzake wamemzunguka. Angeweza kusema koo linamuuma. Badala yake alirudi nyuma hatua chache, akaweka mdomo kwenye pazia na kunong'ona, "Yeyote uliyemo humo, niimbie."

Akaimbiwa.

Ilikuwa sauti ya Kimya, hata kile kikohozi chake kidogo kabla ya ubeti. Ila haikuvuta pumzi. Ilikwenda kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho bila kukata, na harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi ikapenya kwenye kitambaa na kumkaa Chiriku shingoni.

Aliporudi nyumbani alimkuta Kimya ameketi kitandani, ameshika koo.

"Dada, umefanyaje leo bila mimi?"

"Nimewaambia naumwa," Chiriku alidanganya, macho chini.

"Afadhali. Maana saa ile ile ya mazoezi sauti imenikauka ghafla. Kama vile mtu ananivuta uzi kooni."

Mwenye haya angekoma hapo. Chiriku hakukoma, na hilo ndilo lililomtafuna zaidi ya woga wenyewe. Homa ilipopoa alimwambia mdogo wake apumzike tu, asijisumbue kuja, na kila jioni yeye alinong'ona kwenye pazia, na kila jioni Kimya alizidi kupungukiwa na sauti, hadi akawa anaomba maji kwa ishara.

Siku ya mazoezi ya mwisho umeme ulikatika katikati ya wimbo. Kinanda kikanyamaza, watoto wakapiga kelele, Mwalimu akaanza kuulizia tochi, lakini wimbo haukunyamaza, uliendelea mle gizani polepole ukiwa umemwelekea yeye peke yake, na Chiriku alipoinamisha macho kwenye mwanga hafifu wa dirishani akaona chini ya upindo wa pazia ndala za Kimya, zile zile, ya kushoto imeshonwa kwa waya, na ndani ya ndala hizo nyayo ndefu zilizolowa maji, zikasogea mbele kidogo, zikasimama kidole kwa kidole na miguu yake, na pazia likajibonyeza polepole penye mdomo.

Alikimbia moja kwa moja hadi kwa bibi yao mzaa mama, ambaye enzi zake aliletewa wagonjwa waliopagawa na majini kutoka mbali. Alimweleza yote, akilia kwa aibu.

"Huyo hakuvamia, mjukuu wangu," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Umemkaribisha. Ubani wangu utampigisha chafya tu."

"Sasa ataondokaje, bibi?"

"Kwa mdomo uliomwita. Kesho simama mbele za watu, useme sauti ni ya mdogo wako. Kabla ya wimbo, umenisikia? Akishapigiwa makofi na ukumbi mzima, sauti ni yake moja kwa moja, na Kimya hataongea tena."

"Mbele ya mama?"

"Hasa mbele ya mama yako."

Usiku huo Chiriku alimwambia Kimya kila kitu. Kimya hakukasirika. Alimshika mkono tu, akatikisa kichwa kukubali, akimwamini.

Kesho yake ukumbi ulifurika. Mama alikuwa mstari wa mbele na gauni jipya, amezungukwa na majirani aliowaleta mwenyewe, na pembeni yake Kimya, mtandio shingoni, macho hayabanduki kwa dada yake. Chiriku alisogea mbele. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. Mama akampungia mkono, akamnong'oneza jirani, "Msikilize, sasa hivi utamsikia!"

Ubeti mmoja tu, Chiriku akajiambia. Mama asikie ubeti mmoja, halafu nitasema.

Pazia likakohoa. Wimbo ukatoka mzuri mno, na ulipofika mwisho wa ubeti wa kwanza ukumbi wote ulisimama na kupiga makofi.

"Hapana!" Chiriku alipaza sauti, machozi yanamtiririka. "Msipige makofi! Sauti hii si yangu! Ni ya Kimya, mdogo wangu, nimemwibia!"

Lakini maneno yalitoka yakiimbwa. Yalitoka kwa sauti ya Kimya, kinywani mwa Chiriku, matamu ya kuliza. Watu walidhani ni igizo. Mwalimu akayafuata kwa kinanda, mama akafuta machozi, makofi yakazidi. Kimya pekee ndiye aliyebaki kitini, mdomo wazi, akimwita dada yake bila mlio wowote.

Siku hizi Chiriku haongei isipobidi. Na kila anapoomba chumvi mezani kwa sauti ile, Kimya huinuka na kutoka nje. Mama huwauliza wamegombania nini. Mmoja hawezi kujibu, na mwingine hathubutu. Nyuma ya pazia la dirisha la chumba chao pana kikombe ambacho hakuna aliyekiweka, na kila asubuhi hukutwa kitupu.