Abiria wa Sita wa Safari ya Pemba

"Elfu moja mia nane? Unaniibia, Mbwana! Tuko watano, mia tatu kila mtu!"

"Chunga ulimi, wa bara wee. Nimesikia majina sita."

Aliyelalamika ni Dishon, rafiki yangu karani wa bandarini, aliyeshika nauli ya wenzake; ndiye aliyenisimulia, nami siongezi chumvi. Ilikuwa alasiri ya masika, mwaka 1988, chumbani kwa Mbwana mwenye boti, kule Bofu. Walikuwa wakipanga kwenda Pemba kuvua sulisuli kwa starehe. Stima ilikuwa imepotea, mvua ikitwanga mabati, na ndani giza hata uso wa jirani huuoni. Mbwana hakuhesabu watu vichwa, akisema ni kuwatakia mkosi; kila abiria alijitaja kwa kinywa chake.

"Rudieni basi, msikie wenyewe."

Wakajitaja mmoja mmoja, Dishon wa mwisho. Halafu pembeni, pasipo na mtu, maji yakaanza kudondoka sakafuni, na sauti ya Dishon mwenyewe, nzito kama ya aliyejaa maji kooni, ikasema, "Dishon."

Dishon alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili.

"Wallahi sikudhulumu," akasema Mbwana. "Mia tatu ya huyo. Toa."