Mbu Hawakumgusa Abbasi

Jambo la kwanza ambalo Batuli alilitambua kwa Abbasi lilikuwa dogo, karibu la kuchekesha: mbu hawakumgusa.

Masika ya mwaka sabini na nne, mbu wa Tabora walikuwa wengi mno. Kila jioni wanafunzi wa chuo cha ualimu walisoma chini ya karabai mbili za maktaba huku wakijipiga shingo na miguu, pa, pa, pa, kama ngoma isiyo na mpigaji mmoja. Maktaba yenyewe ilikuwa ghala la kale lenye kuta nene za udongo, lililojengwa zama za misafara, pembe za ndovu zilipokuwa zikilazwa humo kabla ya kushuka pwani. Kwenye meza ya mwisho Abbasi alisoma ametulia, kola wazi, mikono wazi, akifungua kurasa polepole.

"Kawasomea Azimio la Arusha," Leonia alinong'ona. Alikuwa binti wa wafugaji wa Igunga, na kitanda chake bwenini kilikuwa jirani na cha Batuli. "Mbu si wanyonyaji? Wamesikia, wakatimka."

Batuli akacheka, akachukua daftari lake, akahamia meza ya mwisho.

Kweli, hapakuwa na mbu hata mmoja. Palikuwa na ubaridi, na harufu hafifu ya chuma kilicholoa, na sauti ya Abbasi, ya chini, yenye mizani hata aliposema mambo ya kawaida.

"Hapo ulipoweka miguu," alimwambia, "wapagazi walitua mizigo. Pale dirishani alilala karani wa msafara. Alipenda kusoma kuliko kula. Alikufa hajamaliza kitabu chake."

"Umeyasoma wapi hayo?"

Abbasi akatabasamu bila kufungua midomo. "Sikuyasoma. Hebu nisomee wewe, nipumzishe macho."

Batuli akamsomea. Tangu jioni ile akawa anamsomea kila siku, na kila siku akampenda zaidi. Hakujali kwamba wanafunzi wa mkondo wa kwanza walidhani Abbasi ni wa mkondo wa pili, na wa pili wakadhani ni wa kwanza. Hakujali kwamba mchana, shambani, hakuna aliyewahi kuliona jembe lake.

Wiki ya tatu Batuli akaanguka kwenye matuta ya mihogo.

Dresa wa zahanati alimvuta ukope wa chini, akaona ndani peupe kama karatasi. "Malaria huna. Minyoo huna. Sasa damu yako inakwenda wapi, binti?"

Leonia ndiye aliyejibu, baadaye, bwenini, akiwa ameushika mkono wa Batuli kwa nguvu.

"Batuli, usinikasirikie. Huwa unasinzia pale mezani. Unajua?"

"Dakika mbili tatu. Nachoka."

"Jana nilikutazama. Alikuwa ameinamia mkono wako. Nikadhani anakubusu, nikageuka kwa aibu." Sauti yake ikazama. "Halafu nikasikia anameza."

Batuli akakunja mkono wa gauni. Ndani ya kiwiko palikuwa na kidonda kidogo, kikavu, ambacho kwa wiki tatu alikuwa akikiita cha mbu.

Jumamosi alikwenda mtaa wa Ng'ambo kwa bibi yake, Mwamvita, mpiga chuku aliyejulikana mpaka mtaa wa Isevya.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Huko chuoni hamli, au mnakula vitabu?" Kisha akaona kile kiwiko, utani ukamkauka mdomoni.

Alimchanja kwa wembe, akabandika pembe ya ng'ombe, akavuta pumzi kwenye ncha yake, akaziba kwa nta. Damu iliyojaa ndani ya pembe ilikuwa nzito, nyeusi, na ilinuka chuma kilicholoa.

"Ni jini la misafara," alisema taratibu, akiimimina damu kwenye kibuyu kidogo. "Linavaa sura ya karani mmoja aliyefia hapa. Damu hii limeshaionja, ndiyo njia yake ya kukurudia. Kesho alfajiri, kabla ya jua, ikafukie kwenye njia ya kale ya Ujiji. Ukiitwa usiitike. Ukiombwa usitoe."

"Nikitoa?"

"Mpaka leo limekuibia, na mwizi hufukuzwa. Lakini ukilipa kwa mkono wako, mmechanjiana. Wenye misafara walifanya hivyo na watemi ili wapite salama: huyu anaionja damu ya huyu, wanakuwa ndugu. Undugu ule hauna mganga, Batuli. Hata mimi siuwezi."

Alfajiri akatoka peke yake, kibuyu ndani ya khanga, akaipita nyumba ya mwisho na shamba la mwisho, na kadiri alivyokwenda ndivyo alivyosikia nyayo nyuma yake, si za mtu mmoja bali za wengi, nyayo za watu waliobeba mizigo mizito, wakikohoa, wakihema, mpaka akapiga magoti na kuchimba kwa vidole vyake, na hapo nyayo zote zikasimama kwa pamoja.

"Batuli."

Hakuitika.

Abbasi alikuwa mbele yake, mashavu yamebonyea, ngozi imekunjamana kama ya mzee, kitabu kifuani.

"Sikuombi unirudie. Ukiifukia nazimika hapa hapa. Miaka themanini na zaidi nimesoma peke yangu. Wewe ndiye wa kwanza kunisomea. Nipe hiyo tu, nishike njia ya Ujiji, hutaniona tena."

Shimo lilikuwa tayari. Upande wa mashariki mbingu ilianza kupauka. Batuli alimtazama mtu aliyempenda akinywea mbele ya macho yake, na mikono yake ikafanya ilichotaka: ikamnyooshea kibuyu, yote miwili, kwa adabu, kama anayempa mgeni maji.

Abbasi akanywa. Kisha akambusu, na busu lile lilikuwa na chumvi ya damu, kwa kuwa Abbasi alikuwa ameung'ata mdomo wake mwenyewe.

Jua lilipochomoza palikuwa na kitabu tu barabarani.

"Nimefukia, Bibi," alisema Batuli aliporudi Ng'ambo.

"Alhamdulillahi."

Abbasi alitimiza ahadi, hakuonekana tena. Mashavu ya Batuli yakajaa, dresa akamsifu kwa kula mchicha. Ijumaa jioni alikaa meza ya mwisho na kile kitabu, na Leonia, aliyechoka kujipiga miguu, akaja kukaa karibu naye.

"Afadhali huku kwako. Mbu hamna kabisa."

"Ndiyo," alisema Batuli. Alikuwa ameshaliona hilo tangu Jumatatu.

"Nisomee basi, nipumzishe macho."

Batuli akamsomea, polepole, kwa sauti ya chini. Leonia akapiga miayo, akaegemeza kichwa begani pake, akasinzia, mkono wake umelala juu ya meza, kiwiko wazi chini ya mwanga wa karabai, na ndani ya kiwiko mshipa mmoja wa kijani ukicheza.

Mate yakamjaa Batuli mdomoni. Akameza.