Msomaji wa Benchi la Mbele

Mgeni hakulia. Hilo ndilo lililowashangaza wasichana wa darasa la juu katika shule ya masista pale Bagamoyo, maana kila aliyepandishwa darasa hilo alilia siku ya kwanza, kama ada ya kuingilia, na wenzake wakambembeleza kwa kipande cha muhogo. Gertruda, aliyetoka Mkange na kijisanduku kichwani, aliwaamkia wote mmoja mmoja, akaketi benchi la mbele, akaomba kitabu. Muhogo akaula.

Eufrazia alimtazama akiutafuna hadi kipande cha mwisho. Benchi hilo alikuwa nalo miaka miwili. Mwisho wa mwezi Sista Mkuu angemchagua msomaji mmoja abaki shuleni kuwa mwalimu msaidizi. Wengine wangeozwa kijijini na kukabidhiwa jembe. Eufrazia aliyajua maneno yote ya kitabu, ila akisimama mbele za watu sauti ilimtetemeka kama ya mwanambuzi. Gertruda alisoma kama anayeagiza samaki sokoni. Hata akikosea, alikosea kwa kujiamini, hadi Sista akachungulia kitabu kuona kama kimepigwa chapa vibaya.

Walipopelekwa Kaole kuokota kuni, Eufrazia alichepuka hadi kwa Bi Biubwa, mganga wa majini. Alieleza kwamba hataki mtu afe, wala augue. Anataka tu mgeni anyamazishwe.

"Jina la kanisani majini hawalijui, mwanangu," alisema Bi Biubwa. "Niletee la mama yake. Na ujue, jini nikishamtuma, mimi simwiti arudi."

Jina lilikuwa rahisi kupatikana. Daftari la shule lilikuwa na safu ya mama mzazi, na wakubwa wa Ulaya walikuwa wameshaandika barua mbili kuonya kwamba safu yoyote isiachwe tupu. Eufrazia, mwenye zamu ya kufuta vumbi ofisini, alilifungua, akautafuta mstari wa Gertruda, akasoma: Hija. Hakutazama mstari mwingine. Wivu wake ulikuwa na haja na mmoja tu.

Safari ya pili ya kuni akalipeleka. Bi Biubwa alitia ubani kwenye chetezo, akaukabili ukuta wa makaburi ya kale, akasema mara tatu: binti Hija, atakaye kusoma mbele.

Siku ya tatu, adhuhuri, jua likiwa utosini, darasani kulinuka asumini iliyooza majini. Halafu zikaja nyayo, chapa, chapa, kama za mtu aliyetoka kuoga, zikapita katikati ya mabenchi na hapakuwa na mtu. Gertruda aliendelea kusoma, sauti safi. Nyayo zilimpita.

Eufrazia alikimbilia jikoni, kwa mpishi wa shule. Ndipo wazo lilipomjia kwamba mpishi huyo, mama mtu mzima aliyemzoea tangu utotoni, naye aliitwa Hija.

"Bi Hija, una mtoto Mkange?"

Mpishi alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. Mkange hajafika hata kwa matanga. Ila daftarini, alieleza, watoto anao kumi na tisa. Wasichana waliokombolewa utumwani hawakuwajua mama zao, na karatasi ya Ulaya haikubali tupu, basi sista mwandishi alimwomba jina lake kwa heshima, akawajazia wote, na kwa mazoea akamjazia na mgeni, ambaye mama yake yu hai na analima mihogo.

"Kumi na tisa, bila uchungu hata mmoja," alisema. Kisha akamshika Eufrazia kidevu. "Lakini aliyenyonya kifua hiki ni wewe peke yako. Ulipoletwa hapa mchanga, wangu alikuwa amekufa juzi yake. Hata malaika wakiniuliza binti yangu nani, nitakutaja wewe."

Eufrazia alitaka kumziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na ile harufu ya asumini ikaingia kwa mlango wa uani, ikazidi ya vitunguu, ikazidi ya moshi, na nyayo zikavuka sakafu bila haraka, kama za mtu aliyekwisha kuelekezwa nyumba, zikaja zikasimama nyuma yake, karibu kiasi cha maji kumdondokea kisogoni, tone moja, kisha jingine, kisha baridi ikamshuka kooni kama mtu anayeteremka ngazi.

Siku ya kuchaguliwa, Sista Mkuu aliliita jina lake. Eufrazia alisimama, na sauti ikatoka nene, tamu, isiyotetemeka, ikasoma ukurasa mzima pasipo yeye kuvuta pumzi. Masista walitazamana kwa furaha. Wakamwandika mwalimu msaidizi hapo hapo.

Alipoketi, Gertruda alimsogelea, amekauka uso. "Dada," alinong'ona, "midomo yako ilikuwa nyuma ya maneno."

Sasa watu hutoka mjini Jumapili kuja kumsikiliza. Bi Hija huweka sufuria chini, akasimama dirishani akijifuta machozi, na kila siku huipenda sauti ile zaidi kuliko alivyowahi kumpenda mtoto mwenyewe. Eufrazia, kutoka huko ndani ya mwili wake alikosukumwa, huyaona yote, na wivu aliomwonea Gertruda ukilinganishwa na huu anaoionea sauti hiyo ulikuwa mchezo. Alijaribu mara moja kumwita Bi Hija, mama yake.

"Ngoja, dada," sauti ilimjibu kwa adabu. "Bado nasoma."