Doa Jeupe Ndani ya Jeli

Mtu aliyekuwa akinunua mayai thelathini soko kuu la Kindu, akiinua moja moja juani kulikagua, alikuwa Okito. Mwavita alimtambua kwa jinsi alivyokunja mikono ya shati: mara mbili, sawasawa. Nywele zimeingia mvi. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa kitenge cha kijani na mtandio mweusi, na angeweza kupita tu.

"Mayai yote haya njo ya harusi?" aliuliza.

Okito hakugeuka upesi. "Ya kazi. Weye ulisema nisipokuoa, sitaoa mwingine."

"Nilikuwa nakutania."

"Najua. Lakini ulisema kweli." Akalipia mayai. "Wamenituma kupima mashine za hospitali. Ile yetu bado iko?"

"Iko. Nimeifungia kabatini."

Mwaka 2002, mji ukiwa umezingirwa, Okito alikuwa fundi wa hospitali na Mwavita, mchumba wake, alitibu viungo. Mashine ya kutibu kwa mawimbi ya sauti iliharibika, Okito akaunga waya kwa mkono wake. Kesho yake Mwavita aliitumia kwenye kifundo cha mguu cha Mama Philomène, mama yake Okito, ambaye kisukari kilikuwa kimemwondolea hisia za miguu. Ngozi haikuonyesha kitu. Ndani, karibu na mfupa, nyama ilikuwa imeungua. Dawa hazikuwapo. Alikufa baada ya wiki tano. Okito akasema waya wake njo uliomuua mama, akaondoka kwa miguu kuelekea Lubutu. Mwavita hakumzuia, wala hakumwambia alichokijua.

Sasa, katika chumba cha matibabu, Okito alichemsha jeli ya mwani sufuriani, kipimajoto mkononi.

"Ute wa yai unautia saa ngapi, chef?"

"Ikipoa mpaka nyuzi arobaini na tano. Ukiharakisha, mupenzi, tunakula omeleti."

Mwavita alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka.

Jeli iliganda na mfupa wa mbuzi katikati, ukionekana hafifu.

"Hii njo nyama yetu ya bandia," Okito alisema. "Moto wa kuunguza ukifika mahali, ute unaiva, panakuwa peupe."

Aliwasha mashine kwa kipimo cha siku ile, akazungusha kichwa cha mashine juu ya jeli dakika tano. Hakuna kitu. Akarudia. Hakuna kitu.

Akakaa kitini. "Waya wangu ni muzima." Alisema bila furaha. "Miaka makumi mbili na mbili nimeulaumu. Sasa mama aliungua na nini?"

Mwavita angeweza kusema kwamba mashine hubadilika. Okito angemwamini, hakuwahi kutomwamini. Badala yake alikichukua kichwa cha mashine mkononi mwa Okito, akakiweka juu ya jeli, asikisogeze. Dakika ya tatu, juu ya mfupa, pakatokea ukungu. Ukakua mpaka ukawa kama ukucha wa kidole gumba.

"Risasi zililia upande wa Mikelenge," alisema. "Nikageuka dirishani. Mukono ukasimama. Mama hakuhisi kitu. Alikuwa ananiuliza nitavaa nini siku ya ndoa."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Okito aliikata jeli kwa kisu, akapima doa kwa rula. Milimita kumi na mbili. Akaandika kwenye fomu: mashine ni nzima, iliunguza kwa kusimamishwa mahali pamoja. Akamgeuzia karatasi.

"Tia sahihi."

Mwavita akatia. Okito akafunga sanduku lake, akaiacha jeli mezani.

Jioni Mwavita alipiga simu.

"Umevuka mto?"

"Nimevuka. Kesho naingia Lubutu."

"Okito, siombi unisamehe."

"Basi usiombe."

Mwavita alingoja Okito akate. Hakukata. Mwavita alisikia pikipiki zikipita upande wa pili. Labda Okito alisikia mvua kwenye bati la Mwavita. Simu ikabaki wazi mpaka uniti za Mwavita zikaisha, na Okito hakupiga.